Bango Lipo, Tamthilia Haipo

Haya, unatafuta tamthilia ya kutazama mtandaoni, limerudi lile tangazo: "Maudhui haya hayapatikani katika eneo lako." Sasa kama hayapatikani, bango umetubandikia la nini? Vijana wanne wanakuchekea, ukibonyeza tu, kumbe kosa ni eneo lako.

Na mtu mzima mwenye heshima zake hadai makubwa. Anataka tamthilia ya vijana ya miaka ya tisini, kihalali, alipe, atazame, akalale. Utaratibu upo: unaingia JustWatch, tovuti inayokuonyesha filamu na tamthilia ziko wapi, unachagua nchi yako kwanza (ukisahau utatamanishwa vya jirani), unaandika jina, unaangalia iko wapi: kwa usajili, bure yenye matangazo, ya kukodi au ya kununua. Kabla ya kutoa hela, hesabu sehemu. My So-Called Life inazo 19 tu, Freaks and Geeks 18, Dawson's Creek 128 katika misimu 6. Zikipungua, ujue haki za msimu fulani ziko kwa mwingine, au kuna sehemu imeachwa kwa ajili ya nyimbo.

Nyimbo sasa! Hapo ndipo heshima inapotuvuka. Dawson's Creek ilipoanza kurushwa Marekani mwaka 1998 ilifunguliwa na sauti ya mwimbaji Paula Cole. Basi umezima taa, mito umeipanga, koo umelisafisha. Maji yaleyale, vijana walewale, unafungua mdomo uimbe naye, anatoka Jann Arden! Anaimba vizuri, hana kosa, lakini si yeye tuliyemwalika. Unapunguza sauti, unaiongeza. Unafunga programu, unaifungua. Unachomoa ruta, unahesabu mpaka thelathini, unaichomeka, utadhani ruta ndiyo iliyomfukuza mwimbaji. Unaingia kwenye mipangilio ya sauti, unachagua Kihispania. Vijana sasa wanalia Kihispania, mwimbaji ni yuleyule!

Kisa chote ni mkataba. Wimbo ulilipiwa kwa ajili ya televisheni. Kwenye DVD na mtandaoni unadaiwa upya, na mwenye kipindi akaona nafuu aweke mwingine. Mwaka 2021 wimbo wa Paula Cole ulirudishwa Netflix. Kwingine, sikiliza dakika ya kwanza ya sehemu ya kwanza ndipo utoe kadi. Freaks and Geeks walivumilia mpaka 2004 ndipo DVD ikatoka, nyimbo zao zote zimo.

DVD za maktaba? Soma namba ya kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa, kwenye jalada. Ya 1 ni ya Marekani na Kanada, na mashine ya kanda nyingine itaitema. Kununua mtandaoni? Umenunua ruhusa ya kutazama, si kitu cha kuweka kabatini.

Tamthilia ya Buffy the Vampire Slayer nayo, ukiletewa ile iliyotanuliwa ijaze kioo, pembeni utaona mpaka taa na mafundi wa kamera. Bora ya umbo la zamani, 4:3, yenye mistari myeusi kushoto na kulia. Ila jiandae, kila atakayepita sebuleni atasema runinga imeharibika, na mmoja atashika rimoti aivute picha mpaka wahusika wakose vipaji vya nyuso.

Na hizi herufi za kwenye runinga nani alizipanga? Unatambaa kutoka D, A, W, S, unafika mwisho wa safu hujaona alama ya ritifaa ('), rimoti inagoma, unafungua mgongo: betri moja. Nyingine iko kwenye saa ya ukutani, na saa yenyewe iko nyuma dakika arobaini.