Afrika Mashariki na Ulaya: Mkataba wa Wote Uliobaki wa Mmoja

Tarehe 1 Julai 2024 Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika. Mkataba huo, ambao wengi huuita EPA, haukukusudiwa kuwa wa Kenya peke yake. Ulijadiliwa kwa miaka mingi kwa niaba ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima, mazungumzo yakakamilika Oktoba 2014, na Septemba 2016 Kenya na Rwanda zikatia saini huku Tanzania, Uganda na Burundi zikijizuia. Kwa kuwa ulihitaji saini za wanachama wote, ukakwama. Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya waliridhia kwamba mwanachama aliye tayari aendelee, na Kenya ikaendelea. Naona ubishi juu ya hatua hiyo umeelekezwa zaidi mahali pasipo na hatari kubwa, ilhali penye hatari yenyewe panapitwa harakaharaka.

Hoja ya Kenya ni nzito kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Nchi ambazo Umoja wa Mataifa unaziweka katika orodha ya zile zenye maendeleo duni huuza Ulaya bila ushuru bidhaa zote isipokuwa silaha, kwa mpango ulioanzishwa mwaka 2001. Kati ya nchi tano zilizojadili mkataba, ni Kenya pekee isiyomo katika orodha hiyo. Matokeo yake yalionekana mwaka 2014, pale muda uliowekwa na Ulaya ulipokwisha kabla ya mazungumzo kukamilika: kuanzia Oktoba hadi karibu na Krismasi, maua ya Kenya yalitozwa ushuru yalipoingia Ulaya. Ua linalokatwa Naivasha haliwezi kuwekwa ghalani kungoja wanasiasa wapatane. Husafirishwa kwa ndege likiwa katika ubaridi, na sehemu kubwa huuzwa Uholanzi, ambako bei huamuliwa na mnada, si na mkulima. Ushuru ukiongezeka, mkulima hana namna ya kumtwisha mnunuzi mzigo huo, hivyo unamwangukia yeye na vibarua wake.

Tanzania nayo ilikuwa na sababu za kusita. Ilikuwa tayari inaingia soko la Ulaya bila ushuru, kwa hiyo saini isingeiongezea mlango mpya. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alionya hadharani kwamba viwanda vichanga vingeumia. Kura ya Waingereza ya Juni 2016 ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya ikazidisha mashaka, kwani soko mojawapo kubwa lilikuwa linaondoka mezani, na Novemba mwaka huo Bunge la Tanzania likapinga mkataba kuridhiwa.

Hata hivyo, hofu ya bidhaa za Ulaya kufurika ilitiwa chumvi. Katika ratiba ya mwaka 2014, Jumuiya ilikubali kufungua asilimia 82.6 ya bidhaa zinazotoka Ulaya, lakini karibu theluthi mbili ya bidhaa zote za Ulaya zilikuwa tayari hazitozwi ushuru wowote, kwa mfano mitambo na malighafi za viwanda. Asilimia 15 hivi zingeanza kupunguziwa ushuru baada ya miaka saba, na sehemu ndogo iliyosalia ingechukua muda zaidi, ikikamilika mwaka wa 25. Zilizobaki nje ya ratiba, asilimia 17.4, zingeendelea kulindwa. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vifungu visivyohusu ushuru wa kuingiza. Kimojawapo kinabana uwezo wa serikali kuweka ushuru mpya kwa malighafi zinazouzwa nje, kama ngozi ghafi, ambao ni nyenzo muhimu kwa nchi inayotaka kuchakata ngozi zake yenyewe.

Upande wa Tanzania pia ulisahau jambo moja. Mpango wa mwaka 2001 hutolewa na Ulaya kwa hiari yake, na nchi ikipanda na kutoka katika orodha, hupewa kipindi cha mpito kisha nafuu hiyo hukoma. Nchi inayopania kukua haiwezi kuitegemea milele. Siasa nazo ziliingilia kati: mwaka 2016 Ulaya ilisitisha misaada ya moja kwa moja kwa serikali ya Burundi, na haikuwa haki kuitarajia Bujumbura isaini ubia na mtu aliyekuwa anaiadhibu.

Hatari niliyoitaja mwanzoni iko ndani ya Jumuiya. Tangu mwaka 2005 wanachama wana umoja wa forodha, maana yake bidhaa ya kutoka nje hutozwa kiwango kilekile iwe imeshushwa Mombasa au Dar es Salaam. Kenya ikianza kuondoa ushuru kwa bidhaa ya Ulaya ambayo Tanzania inaitoza asilimia 10 au 25, mwagizaji atakuwa na sababu nzuri ya kuipitisha Mombasa. Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, ambako maofisa wa nchi mbili hukaa katika kituo kimoja ili malori yasicheleweshwe, itabidi warudie kukagua vyeti vya uasili, yaani vya kuonyesha bidhaa imetengenezwa wapi, shehena kwa shehena. Kiwanda cha Nairobi kitakachotumia malighafi ya Ulaya isiyotozwa ushuru kitashutumiwa na washindani wake wa Kampala. Tumeshaona magomvi ya maziwa na mahindi kati ya nchi hizi bila Ulaya kuhusika.

Ulaya yenyewe haimruhusu mwanachama wake kufanya hivi. Sera ya biashara iko mikononi mwa Umoja, na Ufaransa au Ujerumani haiwezi kutia saini mkataba wake wa ushuru na Kenya. Nchi 27 ziliketi upande mmoja wa meza, na upande wa pili ikabaki moja.

Mlango umeachwa wazi kwa wanachama wengine wa Jumuiya kujiunga. Lakini mkataba wa Kenya una masharti ya kazi na mazingira yanayofunga kisheria, ambayo hayakuwamo katika maandishi ya mwaka 2014. Atakayejiunga atakuta yamekwisha kujadiliwa na Nairobi peke yake. Kwa kuwa upunguzaji wa ushuru wenye uzito haujaanza, Baraza la Mawaziri mjini Arusha bado lina miaka michache ya kudai masharti hayo yafunguliwe upya kwa yeyote atakayeingia, na kukubaliana ni nani atakayelipa ushuru wa bidhaa ya Ulaya inayovuka kutoka Kenya, na ulipwe wapi.