Mwenye Shida Hapunguziwi Bei

Hivi aliyesema mpira unasimama Juni na Julai alikuwa anaongelea mpira upi? Wanaosimama ni wachezaji. Wako ufukweni na bukta za maua. Shabiki yeye ndiyo kwanza kaingia kazini. Saa kumi na moja alfajiri, mswaki bado, salamu ya mke haijajibiwa, simu iko usoni: straika kapatikana? Hajapatikana. Saa nne, chai na chapati, hajapatikana. Bando la wiki linakata Jumatano kwa kufuatilia ndege ya kukodi ambayo hakuna ajuaye imembeba nani. Na klabu yenyewe iko Uingereza, haijawahi kumtumia hata soksi.

Ukitaka kujua adha hii ilivyo, chukua klabu ya Newcastle ya England, mwaka 2025. Machi 16 wamebeba Kombe la Carabao pale Wembley, 2-1 mbele ya Liverpool, kombe lao kubwa la kwanza la ndani tangu 1955. Ligi wamemaliza wa tano, Ligi ya Mabingwa imo mfukoni. Straika wao, Alexander Isak, kapachika mabao 23 ya ligi. Mmiliki mkuu ni mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia. Mtu mwenye sifa hizo, ungedhani akiingia sokoni wauzaji watamfutia kiti. Thubutu!

Mahitaji yenyewe hata hayakuwa makubwa. Callum Wilson mkataba umeisha, anaondoka, anatakiwa straika wa kumsaidia Isak. Mmoja tu. Wakaanza na akina Liam Delap wa Ipswich. Ipswich wameshuka daraja, mkataba una kifungu: pauni milioni 30, mchukueni. Watu wanafurahia vifungu vya namna hiyo wakidhani ni bei ya bure. Sikiliza, mzee wangu: bei ikishaandikwa ukutani, kuwa na hela nyingi hakukusaidii kitu. Huyu anazo 30, yule anazo 30, muuzaji hana cha kuchagua. Anayechagua ni mchezaji, naye Juni 4 akachagua Chelsea.

João Pedro wa Brighton? Chelsea tena, Julai 2. Bryan Mbeumo wa Brentford? Manchester United. Hugo Ekitike wa Frankfurt, hapo Newcastle wakapeleka dau lenyewe, siyo la kubabaisha, Frankfurt wakakataa. Wakiwa bado wanakuna kichwa, Liverpool wakapita na pauni milioni 69 pamoja na nyongeza za milioni 10, kijana huyoo Anfield. Tena Liverpool haohao wanaommezea mate Isak! Yaani jirani anakuja kuomba jiko, akiondoka anapitia na mkaa.

Halafu Benjamin Šeško wa Leipzig. Huyu ndiye aliyewauma kuliko wote. Newcastle wanakwenda Ligi ya Mabingwa. Manchester United wametoka kumaliza nafasi ya 15, msimu mzima hawana hata mechi moja ya Ulaya. Agosti 9 Šeško anatambulishwa Old Trafford. Hapo hata ukimfuata shabiki na uganga wa kutuliza hasira, atakwambia usimguse.

Na kila aliyekwenda alisindikizwa na lugha ya tetesi, ambayo ingefaa ifundishwe shule ya msingi kuepusha vifo vya presha. Ukisoma klabu "inavutiwa", maana yake kuna mtu katazama video zake. "Wameulizia" ni simu moja kwa wakala, na wakala ndiye aliyemwambia mwandishi, kwa sababu dalali akisema kiwanja kina wateja watatu, wa nne anakimbia na hela. "Makubaliano binafsi yamekamilika", hapo watu wanachinja kuku, kumbe ni kwamba mchezaji kaukubali mshahara tu! Nani ataukataa? Klabu inayommiliki bado haijasema chochote. Ndiyo maana wazoefu hawashtuki mpaka Fabrizio Romano, mwandishi maarufu wa habari za usajili, aseme lile neno lake, "Here we go", na hata hapo wanasubiri picha ya mchezaji kashika skafu ya klabu.

Sasa kwa nini klabu yenye hela inazungushwa hivi? La kwanza, hapakuwa na mwenye duka. Mkurugenzi wa michezo, Paul Mitchell, aliondoka mwisho wa Juni, dirisha la usajili likiwa ndiyo linapata moto, na mrithi wake hakupatikana mpaka dirisha lilipofungwa. Mtendaji mkuu naye alikuwa ameshatangaza kuondoka kwa sababu za kiafya. Usajili ukabaki kwa kocha Eddie Howe na watu wa idara ya kusaka vipaji, mmojawapo mpwa wake. Wanajua mpira, sikatai. Lakini kumpigia rais wa klabu ya Ujerumani saa sita usiku mkagombana kuhusu awamu za malipo ni kazi ya mtu mwingine kabisa.

La pili ni hesabu. Watu wanasema Wasaudi wamwage hela. Sheria za faida na hasara za Ligi Kuu ya England zilikuwa zinakuruhusu kupata hasara isiyozidi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu, na hapo ni kama mwenye mali anaziba pengo kwa hela yake. Ukivuka, unakatwa pointi. Newcastle wanaijua kamba hiyo: Juni 2024 waliwauza Elliot Anderson na Yankuba Minteh siku za mwisho kabisa za mwaka wa hesabu ili vitabu vikae sawa. Vijana wawili wazuri wameuzwa kwa sababu ya kalenda!

Hesabu yenyewe iko hivi. Ukinunua, gharama inagawanywa kwa miaka ya mkataba, na haizidi mitano. Straika wa milioni 65, hata umpe mkataba wa miaka sita, anaingia kwenye vitabu kwa milioni 13 kila mwaka, mshahara mbali. Ukiuza, faida yote inaingia siku hiyohiyo. Isak alinunuliwa 2022 kwa kama milioni 60 kwa mkataba wa miaka sita, kwa hiyo baada ya misimu mitatu vitabuni kabaki na thamani ya nusu. Mwuze kwa 125 uone mhasibu anavyocheka peke yake. Kocha analia, mhasibu anacheka, na wote wawili wako sahihi. Hiyo ndiyo klabu ya siku hizi.

La tatu ni Isak mwenyewe, na hapa ndipo kiangazi cha Ulaya kilipogeuka masika. Julai 19 timu inacheza kirafiki na Celtic, Isak hayumo, wanachapwa 4-0. Safari ya Singapore na Korea Kusini ikafika, hayumo, klabu inasema ana maumivu madogo ya paja. Baada ya siku chache inafahamika yuko Hispania, anafanya mazoezi peke yake kwenye viwanja vya klabu yake ya zamani, Real Sociedad. Paja gani hilo linalouma Newcastle likifika San Sebastián linapiga mbio?

Agosti 1 Liverpool wanaweka milioni 110. Newcastle wanakataa, na akili ya kukataa wanayo: mrithi yuko wapi? Lakini tazama mtego. Humwuzi Isak mpaka umpate mwingine. Humpati mwingine kwa bei ya kibinadamu kwa sababu dunia nzima inajua utamwuza Isak. Kila muuzaji keshakuhesabia hela ambayo hujaipokea. Ni kama kwenda kununua sufuria huku umetangaza msikitini na kanisani kwamba una harusi kesho na wageni mia tano.

Agosti 19 Isak akaandika mtandaoni kwamba aliahidiwa na ahadi zimevunjwa. Klabu ikajibu kwamba hakuna aliyemwahidi kuondoka msimu huo. Mambo ya chumbani yote barazani.

Ligi nayo haisubiri mtu. Agosti 16 ugenini kwa Aston Villa, straika ni Anthony Gordon, ambaye kazi yake ni winga. Villa wanapata kadi nyekundu, wanabaki kumi, Newcastle wanasukuma, wanasukuma, 0-0. Agosti 25 Liverpool hao nyumbani St James' Park. Gordon anakula nyekundu kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili kinaanza tu, bao la pili la Liverpool: nani kafunga? Ekitike! Yuleyule. Newcastle kumi wanapigana, wanarudisha, Will Osula anasawazisha dakika ya 88, vibanda umiza vinataka kuanguka. Dakika ya kumi ya nyongeza Rio Ngumoha, mtoto wa miaka 16, anaweka la tatu. Agosti 30, Leeds ugenini, 0-0. Mechi tatu, pointi mbili.

Wiki hiyo ndiyo bei zilipopoteza aibu. Wolves waliombwa Jørgen Strand Larsen kwa milioni 50, wakakataa. 55, wakakataa. Wao walishamwuza Matheus Cunha kwa United mapema, hawakuwa na hamu ya kubaki na uwanja mtupu. Yoane Wissa wa Brentford, ambaye dau la kwanza liliripotiwa kuwa milioni 25, akaondoka kwa 50 na nyongeza za 5. Zaidi ya maradufu, na siku mbili baada ya kusaini akatimiza miaka 29! Brentford hawakuwa wachoyo. Mbeumo keshaondoka, ukimwondoa na Wissa umeng'oa meno yote ya mbele. Mnyororo huu ndio watu hawauoni: straika mmoja haondoki mpaka klabu nne zipate wa kwao, na kila anayesubiri anaongeza bei ya anayemfuata.

Nick Woltemade alikuja kwa upande mwingine. Bayern walimtaka kiangazi kizima, Stuttgart wakawakatalia dau baada ya dau. Newcastle wakatokea mwishoni na milioni 65, ukiacha nyongeza. Stuttgart walimpata bure kutoka Werder Bremen mwaka 2024, ebu fikiria. Hata Bremen hawakukosa: kanuni ya FIFA inakata asilimia 5 ya ada na kuzigawia klabu zilizomlea mchezaji tangu umri wa miaka 12 mpaka 23. Asilimia 5 ya milioni 65 ni milioni 3.25, na sehemu kubwa ya malezi yale ilifanyika Bremen. Huko kwetu klabu za mtaani zinazolea vijana zikose kutunza kumbukumbu za usajili, halafu zilalamike kwamba FIFA haiwajui maskini.

Na usidhani mkishakubaliana bei mmemaliza. Kwanza vipimo: moyo unapimwa kwa umeme na kwa picha, magoti, nyonga na vifundo vinaingizwa kwenye mashine ya MRI, nguvu za paja la kulia zinalinganishwa na la kushoto. Daktari hasemi kafaulu au kafeli kama mtihani wa darasa la saba. Anaandika hatari iliyopo, wenye hela wanaamua. Mchezaji wa kigeni anahitaji idhini ya Chama cha Soka cha England kwa mfumo wa pointi: mechi za timu ya taifa, dakika alizocheza, ubora wa ligi anayotoka. Zikifika 15 anapita. Kisha mfumo wa uhamisho wa FIFA, ambao klabu zote mbili zinajaza kila moja kivyake. Mmoja akiandika awamu ya pili ya malipo ni Julai na mwingine Agosti, mfumo unagoma, na cheti cha uhamisho wa kimataifa hakitoki. Ada ya mamilioni inasimamishwa na mwezi mmoja.

Dirisha lilifungwa Septemba 1, saa tatu usiku kwa saa zetu. Walio katikati ya dili walikuwa na karatasi ya kuombea muda, inayowaongezea saa mbili, mpaka saa tano, ilimradi iwe imepelekwa kabla ya dirisha kufungwa. Woltemade alishatangazwa Agosti 30. Wissa akaingia siku ile ya mwisho, na Isak akaenda Liverpool kwa milioni 125, rekodi ya Uingereza. Mashabiki wakalala saa nane, macho mekundu, lakini angalau mastraika wawili wapya, pauni milioni 115 kabla ya nyongeza.

Septemba 9, Kinshasa, Congo na Senegal, kufuzu Kombe la Dunia. Wissa anaifungia Congo la pili, 2-0, uwanja wa Martyrs unawaka. Kisha goti. Senegal wakageuza, 3-2, na goti la Wissa likaondoka na miezi, kabla hajaigusa jezi ya Newcastle kwenye mechi hata moja.

Septemba 13 Woltemade, mita 1.98, anacheza kwa mara ya kwanza, dhidi ya Wolves. Krosi, kichwa, 1-0, ushindi wa kwanza wa msimu. Watu wakakumbatiana na wasiowajua. Kipindi cha pili msuli ukamkaza yule mrefu, akakaa chini katikati ya uwanja.

Simu zikatoka mifukoni.