Pipa la Kilo 41

Fundi wa Kibongo akikupigia hesabu ya banda la kuku anakuhesabia mpaka kuku watakaokuja kutembea. Mimi nilipewa karatasi imejaa mbele na nyuma, mabati ya geji 30, nondo za milimita 12, mbao 2 kwa 4, saruji, roli za wavu, na mabomba ya plastiki ya nchi nne ambayo mpaka leo sijui kuku walitaka kuyafanyia nini. Nikanunua vyote. Banda likasimama pale shambani kwetu Ruvu, zuri tu, na pembeni yake likabaki rundo la vitu ambalo ukipita kwa haraka unaweza kudhani ndilo banda lenyewe.

Mabati yalibaki 17 ambayo hayajawahi kuonja msumari. Nondo vipande vipande, mbao, wavu roli moja na kidogo, mifuko mitatu ya saruji, makopo ya misumari iliyochanganyika kila saizi, na mapipa mawili ya lita 200. Pipa moja mafundi walilikata mdomo wakawa wanawekea maji, la pili halikukatwa, lilikuwa zima na kile kitundu chake cha juu ambacho kifuniko kilishapotea zamani, wakalisukumia chini ya mabati ndo ikawa basi.

Sasa, tunauza au tunatunza? Kikao kikakaa chini ya mwembe.

Mama watoto msimamo wake mmoja, uza vyote nunua vifaranga, banda lipo kuku hakuna, hii ni aibu. Na hoja anazo bwana, tena za maana. Mabati yakilaliana halafu maji yakapenya katikati yanatoa unga mweupe, geji 30 yenyewe ni nyembamba hivyo unga ukishaingia hamna kitu hapo. Mbao zinaliwa na mchwa. Bomba la plastiki likipigwa jua muda mrefu linakauka, ukiligonga kidogo linapasuka. Na rundo lilishaanza kulaza panya, na panya akihamia mahali nyuma yake anakuja nyoka, hiyo haihitaji kikao.

Upande wa pili alikaa baba mkubwa. Baba mkubwa ni mstaafu wa reli ya kati, na mtu wa reli usimwambie habari za kuuza chuma. "Reli hii Mjerumani ameianza 1905, 1914 akafika Kigoma," akaanza, na akianza hapo ujue chai itapoa, "mimi naajiriwa nakuta mataruma ya chuma ya Mjerumani, yale yanayolala chini ya reli, bado yako kazini. Mjerumani mwenyewe kaondoka, taruma lipo. Wewe mwanangu unataka kuuza nondo ya mwaka jana?"

Mi nilikuwa katikati. Nilitaka tuuze chuma tubaki na mabati, maana bati ni pesa, siku ukiamua kuongeza chumba cha kijana wa shamba unalo, wakati nondo vipande vya nusu mita utajengea nini. Nikaongea vizuri kabisa na kwa takwimu. Hamna aliyenisikiliza.

Kuhusu saruji baba mkubwa alishika bango kuwa saruji haiozi. Nikamwambia baba mkubwa saruji ikikaa miezi inanyonya unyevu inaganda, akasema hiyo saruji ya siku hizi. Tukaenda kuangalia. Mifuko yote mitatu ilikuwa imeshakuwa mawe, tena ukichana karatasi unakuta jiwe limebaki na umbo la mfuko kamili, mikunjo ipo, mshono wa juu upo, hadi pale fundi alipokuwa anakalia wakati wa kula pamebonyea panaonekana. Kilo 50 mara tatu. Mzee wala hakutetereka, aliyaviringisha mpaka chooni akayapanga yakawa ngazi. "Si nilikwambia haiozi?"

Kikao kikafungwa bila muafaka, na hapo ndo mambo yalipoanza, kwa sababu watu wa familia yetu wakishindwa kukubaliana kwa mdomo kila mtu anaenda kutekeleza lake kimya kimya.

Mimi nikaongea na kijana mmoja wa skrepa pale Mlandizi, tukapatana bei ya kilo, nondo na mapipa yote mawili, akanitumia advansi kwa simu. Mama watoto bila kuniambia akaongea na jirani yetu mfuga mbuzi, akamuuzia mabati na wavu, akapokea nusu ya hela, na hela yenyewe ikawa imeshaenda kuagiza vifaranga. Baba mkubwa naye bila kumwambia mtu akaenda msikitini baada ya Ijumaa akasimama mbele za watu akasema mabati 17 anayatoa sadaka kuezekea darasa la madrasa. Ile nimeshanuia, ikishatoka mdomoni hairudi. Yani mzee ambaye alikataa tusiuze hata msumari aligawa mabati yote bure, ukimuuliza anakwambia sadaka siyo kuuza.

Na wote watatu tukawaambia wateja wetu waje Jumamosi asubuhi.

Wa kwanza kufika alikuwa kijana wa skrepa na toyo lake la matairi matatu, kavaa fulana nyeusi, kofia nyeusi, mzani wa kuning'iniza begani. Kabla hatujamaliza salamu akaniuliza, bosi hivi vyuma siyo vya reli? Maana watu wa skrepa wanaogopa vyuma vya reli kuliko simba, ukikamatwa navyo utaeleza mpaka meno yaishe. Nikamhakikishia siyo, na wakati huohuo baba mkubwa katokea nyuma ya banda kavaa koti lake la kazini lile lenye nembo mgongoni. Kijana akarudisha mguu kwenye toyo. Ikabidi tumwonyeshe risiti za duka.

Hajatulia vizuri, kirikuu ya jirani hiyo inaingia kinyumenyume. Nikajua kaja kuazima toroli kama kawaida yake. Akashuka akaanza kuhesabu mabati. Nikamuuliza jirani vipi, akasema si nakuja kuchukua mzigo wangu, muulize shemeji. Namgeukia shemeji mwenyewe, yani mke wangu, anaangalia mawingu. Kabla sijafungua mdomo wakaingia wazee watatu wa kamati, kanzu nyeupe pee, kofia, mmoja kashika daftari, "Assalaam aleikum, tumekuja kwa ile sadaka ya mzee, Allah amlipe."

Jamani. Ushawahi kuona watu saba wameshika rundo moja kila mtu na kona yake na wote wanatabasamu? Jirani anasema amelipa nusu. Wazee wanasema sadaka iliyotamkwa haina nusu. Mama watoto anasema vifaranga viko njiani. Baba mkubwa anasema yeye ndiye mkubwa wa familia. Mimi nawaambia tulieni tuongee, na kijana wa skrepa ambaye hakuwa na ugomvi na mtu akaona bora aendelee na kazi yake, akayasogeza mabati pembeni akalivuta lile pipa zima.

Hapo mama watoto alisema, "Mbona naona nyuki nyuki hapo?" Nikamjibu ni wa mwembe huo unachanua. Na kweli mwembe ulikuwa unachanua.

Kijana kalifunga kamba, katundika mzani kwenye tawi, tukasaidiana kulinyanyua. Mzani ukasoma kilo 41. Akaniangalia. Akasoma tena. Pipa tupu la lita 200 ni kilo 18 hivi, ikizidi sana 20, na mtu wa skrepa uzito wa pipa anaujua kuliko umri wa mama yake. Akasema, "Bosi, umenijazia mchanga."

Mimi! Mbele ya wazee wa msikiti! Nikamwambia kijana chunga mdomo, mi nina umri wa kukujazia mchanga? Akasema basi ni udongo. Na pipa lenyewe lilikuwa linanguruma kwa mbali, ila tukadhani toyo halijazimwa. Baba mkubwa hata akamfokea, zima chombo chako tuelewane. Kijana akajibu mzee mbona nimezima zamani, na huku anajibu keshaokota kipande cha nondo, ili kila mtu asikie kama ni tupu au lina mchanga, akalitandika pipa ubavuni. Daaang.

Kilichotoka kwenye kile kitundu kilitoka kama moshi wa lori la mkaa linalopanda mlima, mweusi na wote kwa pamoja.

Sitaki kudanganya nani alikimbia wa kwanza, ila sadaka, nusu malipo na advansi vyote vilisahaulika palepale. Kijana wa skrepa alikwenda na uelekeo wa mto. Mama watoto akajirusha ndani ya kirikuu ya jirani akapandisha vioo akaloki milango, mwenye gari kabaki nje anagonga kioo, "Shemeji nifungulie!" na yeye yuko ndani anamjibu kwa sauti ya upole kabisa, "Shemeji una nyuki!" Wazee wa kamati waliingia chooni wote watatu, choo chenyewe bado hakina paa, kwa hiyo walijifungia na nyuki wao. Mi nikaingia banda la kuku nikafunga mlango wa wavu. Fundi aliniapia kwamba wavu ule hata kenge hapiti. Kenge kweli hapiti.

Nikiwa mle ndani nikaanza kusikia harufu ya ndizi mbivu. Nikajiuliza jamani, katika hali hii kuna mtu anakula ndizi? Kumbe nyuki akikuchoma anaacha na harufu, na harufu yenyewe inanukia hivyo hivyo kama ndizi, ndiyo inawaita wenzake waje kuchoma palepale. Na inatoka shingoni kwangu.

Nyuki walipopunguza hasira tukaanza kuhesabu majeruhi. Kijana wa skrepa alirudi kichwa kimeongezeka saizi, kofia haikai. Jirani sikio moja likawa linaangalia mbele. Wazee wa kanzu, hebu fikiria, choo hakina paa na bado walichomwa kidogo tu, yule wa daftari hata kimoja hakupata. Baba mkubwa akasimama kutangaza kuwa hiyo ni baraka ya sadaka, mwenye haki na mabati kajulikana. Nikajaribu kueleza kwamba nyuki wanakereka na rangi nyeusi, wanamfananisha mtu na nyegere, mwenye nyeupe wanamwacha, ni mambo ya rangi tu. Kijana wa skrepa na fulana yake nyeusi akaniangalia kwa jicho moja, lile lililokuwa bado linafunguka, sikuendelea. Mama watoto alishuka kwenye kirikuu analowa jasho, hana hata alama, akachukua kitambulisho cha taifa akawa anatukwangulia miba mmoja mmoja. Hiyo kadi imefanya kazi siku ile kuliko siku zote nilizowahi kuipeleka ofisini kwa mtu.

Giza lilipoingia akaletwa mrina asali, mzee mkimya, kaja na makumbi ya nazi anayapulizia moshi kwenye kitundu taratibu huku anaongea na nyuki kama wajukuu zake, ndo akalifungua kichwa kwa patasi. Masega yalikuwa yamejaa kutoka ukuta mpaka ukuta. Asali ikaenda nusu ya ndoo ile kubwa ya lita 20, nyeusi, nzito, ukichovya kidole inakuja na kidole.

Mabati yalikwenda madrasa, nani atabishana na nyuki. Jirani kakubali kulipwa kuku wakikua. Ila ile asali, ee bwana, kila mtu alikumbuka haki yake. Wazee wa kamati wakatuma salamu kwamba pipa lilikuwa chini ya mabati ya sadaka, kwa hiyo kilicho chini kinafuata kilicho juu. Jirani akasema yeye kachomwa vingi kuliko mtu yeyote mwenye hisa.

Halafu akapiga kijana wa skrepa. Adabu zote, "Shikamoo bosi, poleni na matatizo." Nikampa pole na mimi. Akasema bosi samahani, lile pipa tulishalipima mbele ya mashahidi, lilisoma kilo 41, bei ya kilo tulishapatana na advansi unayo, sasa nakuja kuchukua kilo zangu 41 na vilivyomo. Kwa bei ya chuma! Nikawa nachanganua sheria kichwani, naona kabisa kijana ana hoja, sina la kumjibu, baba mkubwa akaninyang'anya simu.

"Mwanangu," akamwambia, "wewe si ulisema ni mchanga? Njoo. Gunia lako la mchanga nimeshalipima, liko hapa getini."