Korona iliondoka, riba ikabaki

Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 si dharura ya kimataifa tena. Siku hiyo nilikuwa bado nalipa mkopo ambao, kwa hesabu za awali, ningekuwa nimeumaliza mwaka mmoja nyuma.

Kazi zilipokatika mwaka 2020, mkopeshaji wangu alinipa miezi 6 ya kupumzika kulipa. Nilishukuru kutoka moyoni. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza, kwamba marejesho yamesimama lakini riba inaendelea kutembea.

Chukua mkopo wa 1,000,000 wenye riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi. Usipolipa chochote kwa miezi 6, na riba ikawa inaongezwa juu ya deni kila mwezi, utarudi kulipa ukiwa unadaiwa 1,093,443. Hujakopa hata senti moja zaidi. Hata nchi maskini zilipewa dawa ya aina hiyo: kundi la G20, yaani la nchi zenye uchumi mkubwa duniani, liliziruhusu kusimamisha malipo ya madeni kuanzia Mei 2020 hadi mwisho wa 2021. Ziliahirishiwa, hazikusamehewa.

Ndiyo maana naumia nikisikia watu wakiambiwa wamekwama kwa sababu hawana nidhamu ya fedha. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba saa za kazi zilizopotea mwaka 2020 zilikuwa sawa na ajira 255,000,000 za kutwa nzima. Nidhamu gani ingeziba pengo hilo? Aliyekuwa na akiba aliila, na ndiyo kazi ya akiba. Asiyekuwa nayo alikopa ili ale, na deni la chakula ni gumu kulipa kwa sababu haliachi kitu cha kuuza.

Kisha bei zikapanda. Juni 2022 mfumuko wa bei Marekani ulifika asilimia 9.1, Oktoba mwaka huohuo nchi zinazotumia yuro zilifika 10.6. Benki kuu zikajibu kwa kupandisha riba. Ile ya Marekani ilitoka karibu na sifuri Machi 2022 hadi zaidi ya asilimia 5 katikati ya 2023, na mwenye mkopo wa riba inayobadilika akapigwa mara mbili, dukani na benki. Leo tunaambiwa mfumuko umeshuka. Ni kweli, lakini bei hazikushuka, zimepunguza tu kasi ya kupanda. Kwa mfano, kilichotoka 100 hadi 110 sasa ni 113, na mshahara wa wengi haujakifikia.

Kwa maoni yangu, mwenye deni la wakati ule aanze nalo kabla ya kufikiria akiba kubwa. Aombe taarifa ya mkopo kwa maandishi, aone msingi, yaani fedha yenyewe aliyokopa, umebaki kiasi gani na riba ni kiasi gani, kisha aombe mkopo upangwe upya. Wakopeshaji wengi hukubali kuzungumza na anayewafuata mapema kuliko anayewakimbia.

Madeni ya ndugu ndiyo yaliyonisumbua zaidi, maana hayana karatasi. Dada yangu alinikopesha wakati ule, na kwa miaka miwili nilikuwa naogopa simu yake. Mwishowe tulikaa, tukaandika kiasi chenyewe na kidogo ninachoweza kutoa kila mwezi. Bado sijamaliza, lakini sasa akipiga napokea.