Dawa ya kipara: tunaogopa, lakini tunaogopa vibaya

Hapa Bukavu taja tu finasteridi, ile dawa ya kumeza ya kuzuia kipara, mbele ya vijana watatu, kama ni kwenye saluni ya Kadutu ama kwenye malewa ya Nyawera, wa kwanza atakuambia "ile inaua mwanaume", wa pili atacheka, wa tatu atanyamaza juu yeye mwenyewe anaimeza na hataki ijulikane. Mimi nadhani huyu wa tatu hatujamtendea haki. Sisemi dawa haina hatari, iko nazo na nitazifikia, lakini hatari moja njo inaimbwa mji muzima na wanaoiimba hesabu yake hawajawahi kuiona.

Kipara cha kurithi tunakijua wote, kile kinaanza kwenye pembe za paji ama kwenye utosi. Hakitoki kwenye kofia wala kwenye sabuni. Mwili wa mwanaume unageuza testosteroni, homoni ya kiume, kuwa homoni ingine inaitwa DHT, na kwa mwenye amerithi (kwa mama, kwa baba, mara mingi pande zote mbili) ile DHT inakondesha shina la nywele pole pole mpaka inabaki manyoya tu. Tangu 1942 mtafiti mmoja Mmarekani, James Hamilton, alishaona wanaume waliohasiwa mbele ya kubalehe hawapati kipara. Kisha 1974 watafiti wakaandika juu ya familia fulani za Jamhuri ya Dominika kwenye kuko wanaume wanazaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha kutengeneza DHT, na wale wakizeeka hawana kipara na prostati yao (ile tezi ya mwanaume chini ya kibofu) ni ndogo. Finasteridi inafanya kwa komprime (kidonge) kile maumbile yalifanya kwa wale watu: inashusha DHT ya damu karibu 70%. Ilikubaliwa Marekani 1992 kwa prostati iliyovimba, miligramu 5, na 1997 kwa nywele, miligramu 1.

Inasaidia? Ndiyo, na si kidogo. Kwenye majaribio makubwa, nyuma ya miaka 2, wanaume 83 kwa 100 hawakuendelea kupoteza nywele za utosi, kwa wale walipewa komprime tupu, haina dawa ndani, walikuwa 28. Nyuma ya miaka 5, kwenye duara dogo la utosi lilikuwa na wastani wa nywele 876 mwanzoni, tofauti kati ya vikundi viwili ilifika nywele 277. Lakini usikilize vizuri, faida kubwa ni KUBAKISHA, si kuotesha. Kichwa kimeshakuwa laini kinang'aa, usitupe pesa yako. Na ni sawa na kodi ya nyumba, unalipa kila mwezi, siku unaacha unatoka, ndani ya mwaka hivi kila kitu ulichobakisha kinaenda.

Watu wanasema mwanaume hana haja ya nywele, nyoa tu yote basi. Sawa, kwa mtu wa miaka 50 mwenye nyumba na watoto, na mimi ningemuambia vile. Lakini kijana wa miaka 23 anapanda pikipiki na motari anamuita "muzee", akienda kuomba kazi wanamuuliza watoto wangapi, akienda kwa wakwe wa kesho shangazi anauliza pembeni huyu papa ana miaka ngapi kweli... unamuambia anyoe? Ameshanyoa huyo, na kivuli cha kipara bado kinaonekana. Dada zetu wanaweka perruque, zile nywele za bandia, na hakuna mtu anawauliza kitu, yeye akitafuta dawa anakuwa mtu wa kujipendeza. Kitu kinachomuzuia mtu kuvua kofia kanisani si kitu cha kuchekelea.

Sasa tuje kwenye ile "inaua mwanaume". Kwenye majaribio ya miligramu 1, mwaka wa kwanza, wenye walikuwa na shida ya kitandani, yaani hamu imepungua ama nguvu imepungua ama mbegu imepungua, walikuwa 3.8% kwa waliomeza dawa. Watu wanasoma mpaka hapo wanafunga simu. Endelea kidogo: kwa waliomeza komprime tupu, haina kitu ndani, walikuwa 2.1%. Chukua wanaume 1000, 38 upande huu, 21 upande ule, maana yake wale dawa inaweza kulaumiwa kwao ni kama 17 kwa 1000. Kuna namba ingine mimi naipenda zaidi na hakuna mtu anaitaja: walioacha majaribio juu ya madhara walikuwa 1.4% kwa dawa na 1.6% kwa komprime tupu. Yaani walioshindwa na kitu tupu walikuwa wengi kidogo kuliko walioshindwa na dawa yenyewe!

Na 2007 kule Italia wakafanya kitu cha akili sana. Wagonjwa wa prostati wakapewa finasteridi ya miligramu 5, ile nzito, nusu wakaambiwa mbele kwamba inaweza kuleta shida ya kitandani, nusu hawakuambiwa. Mwaka ukapita. Walioambiwa, 43.6% walilalamika, wasioambiwa, 15.3%. Dawa ni ile ile, kiasi kile kile. Sasa piga hesabu mtaani kwetu, fasi kijana anaambiwa na rafiki, na kinyozi, na video ya TikTok, na bado hajameza hata moja. Usiku wa kwanza analala na woga pembeni ya bibi yake, utashangaa nini?

Lakini kuko upande mwingine na siuruki. Ile hesabu ya majaribio inahesabu wanaume wenye afya wanaofuatwa na madokta, kwa muda. Kuko wanaume wanasema waliacha dawa na shida haikuacha, miezi, hata miaka, na wao wanajua mwili wao kuliko mimi na hesabu zangu. Tangu 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliandikisha ile kwenye karatasi ya dawa. Na kichwa pia, si cha nje, cha ndani: 2025 shirika la dawa la Ulaya, EMA, lilithibitisha kwamba mawazo ya kujiua ni madhara ya finasteridi, ya miligramu 1 na ya 5. Walikuta ripoti 313, kwa dawa iliyotumiwa kama miaka milioni 270 ukijumlisha wagonjwa wote. Ni chache, na ripoti siku zote ni pungufu ya ukweli, na kwa familia ya mmoja wao hakuna "chache". Kwa hiyo mtu alishawahi kuwa na huzuni nzito, kwangu mimi huyo aiache, hapa kwetu madokta wa akili tunawahesabu kwa vidole na nani atamuangalia? Na mwenye ameanza, akaona moyo umekuwa giza bila sababu, aache siku ile ile na aende kwa dokta, asingoje komprime ziishe.

Kile kinaniudhi ni kwamba hatari ya kweli ya mji wetu haiko kwenye zile hadithi. Iko kwenye sahani. Farmasi ya mtaani mara mingi iko na ile ya prostati tu, miligramu 5, basi kijana anainunua bila ordonansi ya dokta, anaweka komprime kwenye sahani, anaikata ine na wembe. Vipande havilingani, kimoja kikubwa, kingine kimekuwa unga. Unga anaupuliza, sahani anaiacha kwenye meza, bibi yake mwenye mimba ya miezi mitatu anaifuta na mkono. Ile komprime wameipaka ngozi juu ili isiguswe, ukiikata umetoa kinga yote, na mtoto wa kiume mule tumboni anahitaji DHT ili viungo vyake vya uzazi vijengwe. Njo maana mwanamke mwenye mimba hapaswi kugusa komprime iliyovunjwa. Hii sijawahi kusikia mtu anaiimba saluni, na ni kitu kinazuilika kirahisi kabisa.

Minoksidili, dawa ingine ya nywele, ile ya kupaka, iko nyepesi zaidi kwa hofu: ilianza kama dawa ya presha, watu wakaona nywele zinaota. Wiki za kwanza nywele zinadondoka zaidi, usitishike. Kwa dada aliyepoteza nywele za pembeni juu ya kusuka kwa nguvu, hii hadithi yote ya DHT si yake, afungue zile rasta mapema.

Na kitu cha mwisho, kwa wakubwa waliovuka 40. Finasteridi inashusha PSA, kile kipimo cha damu cha prostati, karibu nusu, hata ile ya miligramu 1. Wanaume weusi kansa ya prostati inatupata zaidi na mapema zaidi. Ukienda kupima na haukumuambia dokta, kwa haya ya kipara, atasoma 3 na atakurudisha nyumbani na furaha, wakati namba yako ya kweli iko karibu na 6. Dokta akijua, anazidisha mara mbili, kazi imeisha. Kama unaimeza kwa siri mtaa muzima usijue, sawa, ni haki yako, lakini huyu mmoja umuambie.