Sindano ya tatu ndiyo inayosahaulika

Muulize mtu mzima amechanjwa nini, atakuonyesha kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, mkononi, na kama ni msafiri atatoa kadi ya homa ya manjano. Homa ya ini B hataitaja. Tanzania na Kenya ziliiingiza chanjo hiyo kwenye ratiba ya watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo aliyezaliwa kabla ya hapo hana, labda awe ameitafuta mwenyewe. Kwangu mimi, ndiyo chanjo ya kwanza mtu mzima wa huku anayopaswa kuiulizia. Tatizo ni kwamba wengi wanaoianza hawaimalizi.

Anza na kipimo cha HBsAg, kile cha damu kinachoonyesha kama una virusi vya homa ya ini B. Kama virusi tayari vimo mwilini, chanjo haitavitoa; hapo unahitaji kliniki ya ini, si sindano.

Ndani ya kichupa hakuna kirusi. Kuna protini ya ganda lake tu, iliyotengenezwa kwa hamira na kushikizwa kwenye chumvi ya aluminiamu, ndiyo maana haiwezi kukupa homa ya ini. Sindano ya kwanza inautambulisha mwili kwa adui, lakini kingamwili zinazotoka ni chache. Ya pili, baada ya mwezi mmoja, inaziongeza. Kisha miezi inapita, na mwili unachuja seli za kumbukumbu, ukibakiza zile zinazomshika adui barabara. Sindano ya tatu, miezi sita baada ya ile ya kwanza, inazikuta hizo, na kingamwili zinapanda mara nyingi zaidi ya awali. Ukiiharakisha, unakatiza mchujo huo. Ukichelewa, hata mwaka, endelea ulipoishia. Hakuna kuanza upya.

Halafu kuna suala la mahali. Watu wazima wengi wakisikia sindano wanaanza kulegeza mkanda. Hii huchomwa kwenye msuli wa bega. Takoni kuna mafuta mengi, dawa ikiishia humo kinga inakuwa hafifu.

Joto linaogopwa na kila mtu, lakini chanjo hii huharibiwa haraka zaidi na barafu. Inatunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Ikiganda, chembe za aluminiamu hushikamana, na hata ikiyeyuka haifai tena. Kichupa kizima kikitikiswa hubaki cheupe sawasawa kama maziwa mepesi kwa muda mrefu. Kilichowahi kuganda hujitenga mapema, maji juu, mashapo chini. Ukiona vichupa vimebanwa kwenye ukuta wa barafu wa friji ya nyumbani, tafuta kituo kingine.

Wahudumu wa afya wao wenyewe wapimwe kingamwili mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya tatu. 10 mIU/ml na kuendelea inatosha. Wapo ambao hawafiki hapo, hasa waliovuka miaka 40, wavutaji sigara na wanene. Hao hurudia dozi tatu nyingine.

Chanjo ya pepopunda nayo isiachwe kwa wajawazito peke yao. Mkulima na fundi wa gereji wanachomwa na misumari kila siku. Ya homa ya manjano ni dozi moja, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha, kikianza kufanya kazi siku ya 10.

Tarehe zote tatu za homa ya ini B ziandikwe kwenye kadi siku ileile ya kwanza. Ukichomwa Januari 10, ya pili ni Februari 10, ya tatu Julai 10.