Tenganisha Kwanza, Ndipo Upime

Wiki iliyopita nililetewa andiko la utafiti nilipitie kabla halijachapishwa. Lilihusu chembe za nano za madini ya fedha zinazopakwa kwenye vichujio vya udongo vya maji ya kunywa, kazi ninayoithamini sana, kwa kuwa vichujio vya aina hiyo vimo majumbani mwetu na watoto wanakunywa maji yanayopita humo. Nilisoma hadi ukurasa wa nne nikakuta sentensi moja tu kuhusu ukubwa wa chembe zenyewe: kipenyo cha wastani ni nanomita 84 (nanomita ni sehemu ya bilioni moja ya mita), kwa kipimo cha mtawanyiko wa mwanga, yaani kile kinachomulika sampuli kwa leza na kukadiria ukubwa wa chembe kutokana na mwanga zinaoutawanya. Hapakuwa na neno jingine. Kurasa zote zilizofuata, pamoja na mahesabu ya kiasi cha fedha kinachoyeyukia ndani ya maji, zilisimama juu ya namba hiyo. Niliweka andiko mezani nikashindwa kuendelea, maana namba za namna hiyo nazifahamu, na miaka kadhaa iliyopita moja iliniingiza katika kosa ambalo halijanitoka moyoni.

Mpunga ukishatwangwa, kinuni hubaki mchele, chenga, chuya na pumba, vyote pamoja. Hakuna mama anayechota konzi moja ya mchanganyiko huo, akaupima jinsi ulivyo, kisha akatangaza ukubwa wa punje ya wastani. Anachukua ungo, anapepeta, anapembua, kila kitu kinakwenda upande wake, ndipo anasema amepata mchele kiasi gani. Sisi tulio maabara, wenye leza na kompyuta, tumeiruka hatua ya ungo, na tumeiruka kwa sababu kipimo cha mtawanyiko wa mwanga kinatoa jibu kwa dakika tatu na kinahitaji matone machache tu ya sampuli.

Tatizo la kipimo hicho linajulikana na kila aliyesoma fizikia yake, na ndiyo maana naumia kuona linapuuzwa. Kwa chembe zilizo ndogo sana kuliko urefu wa wimbi la mwanga, mwanga unaotawanywa na chembe moja huongezeka kwa kipenyo chake kilichopandishwa hadi kipeo cha sita. Chukua chembe moja ya nanomita 50 na nyingine ya nanomita 5. Kipenyo kimezidi mara 10 tu, lakini mwanga umezidi mara 1,000,000. Sasa changanya chembe 1,000 za nanomita 5 kwa kila chembe moja ya nanomita 50. Uzito wa makundi haya mawili ni sawasawa. Ukiyaweka kwenye mizani, hakuna upande utakaoshuka. Hata hivyo, ile chembe moja kubwa inatoa mwanga mara 1,000 ya mwanga wa zile ndogo zote elfu kwa pamoja. Mashine inaiona kubwa na ndogo haizioni kabisa, kisha inaandika karibu nanomita 50 kwa sampuli ambayo chembe 1,000 kati ya kila 1,001 zina nanomita 5. Na kwa kazi ya kichujio cha maji, hizo zisizoonekana ndizo zenye neno kubwa kuliko zote, kwa sababu fedha huyeyuka kutoka kwenye uso wa chembe, na katika mchanganyiko huu chembe ndogo zina eneo la uso mara 10 ya zile kubwa, ingawa uzito ni uleule. Mtu anayekokotoa kiasi cha fedha kinachoingia kwenye maji kwa kutumia nanomita 50 amekosea tangu mstari wa kwanza, hata kama hesabu zake zote zinazofuata ni sahihi.

Nimesema imewahi kunitokea. Nilikuwa na sampuli ya fedha niliyoitengeneza mwenyewe, na kwa miezi mingi niliandika katika daftari langu kwamba ina nanomita 90 na kidogo, kilele kimoja, na fahirisi ya kuridhisha ya jinsi ukubwa wa chembe unavyotofautiana. Kisha nikapata nafasi ya kuipitisha kwenye chombo cha utenganishaji kwa mkondo na uga, ambacho hupanga chembe kwa ukubwa kabla ya kuzipima, chenye vitambuzi viwili mwishoni: kimoja kinapima mwanga unaozimwa na fedha, kingine kinapima mwanga unaotawanywa. Nilikaa mbele ya skrini nikiangalia mistari miwili inavyochorwa. Dakika za mwanzo mstari wa kwanza ulipanda ukawa mlima, huku wa pili ukiwa bado umelala chini kama hakuna kinachopita. Baadaye sana mstari wa pili ndipo uliponyanyuka hadi juu kabisa, wakati wa kwanza umebaki kijilima kidogo. Sampuli ileile, siku ileile, na vitambuzi viwili vinasimulia habari zinazopingana. Sehemu kubwa ya fedha yangu ilikuwa kwenye chembe za nanomita 20 hivi. Zile 90 zilikuwa mafundo machache yaliyoshikamana. Miezi yote ile nilikuwa nimepima mafundo.

Aliyetuletea ungo huu ni J. Calvin Giddings wa Chuo Kikuu cha Utah, aliyeandika wazo lake mwaka 1966. Alikuwa pia mtu wa mito, mwendesha kayaki, na mimi siwezi kukitazama chombo chake bila kuuona mto ndani yake. Ni mfereji mwembamba, mara nyingi chini ya nusu milimita kwenda juu, na kiowevu kinapita humo kwa kasi katikati na polepole sana kwenye kingo, kama maji ya mto yanavyokwenda. Mkondo wa pili unapita kwa kukingama na kuzisukuma chembe zote kuelekea kwenye utando ulio chini. Hapo ndipo ukubwa unapojidhihirisha: chembe ndogo hutangatanga sana, hivyo hurudi juu kwenye maji yaendayo kasi na kutoka mapema, kubwa hutangatanga kidogo, hubaki karibu na utando kwenye maji yaendayo polepole, na kutoka nyuma. Hakuna shanga za kuzipenya kama zilivyo njia nyingine, hakuna kitu cha kuzinasa njiani isipokuwa utando wenyewe. Mwaka 1987 Wahlund na Giddings walionyesha muundo wa mfereji wenye ukuta mmoja tu unaopitisha maji, na muundo huo ndio unaotumika zaidi leo. Kinachonivutia ni kwamba chembe hupita zikiwa ndani ya maji yao, katika hali iliyo karibu na ile zinayoishi nayo.

Njia nyingine ya kutenganisha, kromatografia ya kutenga kwa ukubwa, ambayo hupitisha sampuli kwenye safu ya shanga zenye vitundu na ambayo ilienea baada ya Porath na Flodin wa Uppsala kuitangaza jeli yao mwaka 1959, bado ni nguzo ya kazi ya protini na polima, na huko mambo huenda kinyume: kubwa hutoka kwanza kwa sababu haziwezi kuingia kwenye vitundu vya shanga. Kasoro yake ni kwamba mafundo makubwa ya protini, yaleyale ambayo watengenezaji wa dawa wanapaswa kuyaogopa, huweza kunaswa au kuvunjika ndani ya safu, kisha karatasi ikaonyesha sampuli safi.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba kipimo cha mtawanyiko wa mwanga kina mahali pake. Ukitaka kujua kama sampuli yako imeanza kushikamana tangu jana, hakuna kilicho chepesi kuliko hicho. Nakubali pia kwamba chombo cha Giddings kinaweza kudanganya: chembe hugandia kwenye utando, na zikizidi kiasi cha mikromita moja mpangilio hupinduka, kubwa zikaanza kutoka mbele. Kwa hiyo matokeo yasiyotaja ni asilimia ngapi ya sampuli iliyoingia ndiyo iliyotoka, mimi siyaamini.

Najua pia hoja ya wenzangu wengi wa maabara za Afrika Mashariki: chombo hicho ni ghali na hatuna. Hoja hiyo ni ya kweli na inauma. Lakini jeli ya agarosi, ile inayotenganisha vipande vya vinasaba kwa umeme, tunayo, kwa sababu kila maabara inayogusa vinasaba inayo, na chembe za fedha zilizofunikwa vizuri hutembea ndani ya jeli hiyo chini ya umeme, ndogo zikatangulia na kubwa zikachelewa. Fedha ina rangi ya njano, kwa hiyo unaona kwa macho yako, bila kitambuzi chochote, kama ni mkanda mmoja mwembamba au ni ukungu uliotapakaa kutoka juu hadi chini. Sentrifuji, mashine za kuzungusha sampuli kwa kasi ili chembe kubwa zizame chini, tunazo. Unaweza kuzungusha sampuli, ukachota sehemu ya juu, ukaipima peke yake, na ukiona namba imeshuka kutoka 84 hadi 30 umeshajua kwamba 84 haikuwa habari kamili.

Hata watunga sheria wameshaliona hili. Maelezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011, yaliyorekebishwa mwaka 2022, yanatambua mata ya nano kwa idadi ya chembe: angalau asilimia 50 ya chembe ziwe kati ya nanomita 1 na 100. Ni idadi ya chembe inayohesabika hapo, na wastani wa mwanga uliotawanywa hauwezi kukupa idadi hiyo kwa mchanganyiko usiotenganishwa.

Andiko lile nimelirudisha jana usiku. Sikuwaomba waandishi wake wanunue chochote. Nimewaomba wazungushe sampuli yao kwa mizunguko mitatu ya kasi tofauti, wapime kila tabaka, waweke picha ya jeli, kisha warudie hesabu ya fedha inayoingia kwenye maji kwa kila kundi la ukubwa peke yake. Nimewaandikia pia kwamba nitakuwa tayari kuipokea sampuli yenyewe kwa barua na kuipitisha kwenye mfereji, na mistari yote miwili nitawatumia jinsi itakavyotoka.